Pima Kwanza, Ndipo Uendelee

Watu wanaoniuliza kwa nini nimedumu na redio za kujijengea, yaani redio ndogo za kupokea na kutuma zinazoletwa zikiwa mfuko wa vipuri, bodi tupu na kitabu cha maelekezo, huwa wameshajijibu wenyewe. Wengine hudhani ninatafuta unafuu wa bei. Wengine hudhani ni ile furaha ya kusikika mbali kwa kifaa nilichokiunda kwa mikono yangu. Unafuu wa bei ulishakwisha zamani. Furaha ipo, tena ni kubwa, lakini furaha peke yake haielezi kwa nini kazi hii imebadilisha namna ninavyoitazama mashine yoyote inayoletwa mbele yangu. Nilichovuna humo ni mazoea mawili: kutoiamini sehemu yoyote mpaka imepimwa, na kutobadilisha kipuri chochote mpaka hitilafu imejulikana iko wapi. Kutokana na mazoea hayo nimefikia hoja ninayotaka kuitetea hapa: thamani ya kujijengea redio imo katika mpangilio wa kupima, na kulehemu ni njia tu ya kuufikia mpangilio huo. Redio inayomlazimisha mjenzi apime kila hatua humwachia elimu; ile inayomruhusu alehemu kila kitu kisha awashe na kuomba Mungu humwachia kifaa.

Tuanze na kilichomo ndani. Chukua NorCal 40A, redio iliyobuniwa na Wayne Burdick katika miaka ya 1990 kwa ajili ya klabu ya Kaskazini mwa California ya watu wanaopenda kuwasiliana kwa nguvu ndogo. Inafanya kazi kwenye bendi ya mita 40, karibu na megahezi 7, kwa alama za Morse. Ishara kutoka kwenye antena hupita kwenye kichujio, kisha huingia kwenye miksa na kukutana na wimbi la osileta ya ndani lenye takriban megahezi 2.1. Tofauti ya hayo mawili, takriban megahezi 4.9, ndiyo inayopenya kwenye kichujio chembamba cha fuwele. Miksa ya pili huigeuza kuwa mlio unaosikika, na amplifaya ndogo huupeleka mlio huo masikioni. Wakati wa kutuma hesabu hugeuzwa: 2.1 na 4.9 hujumlishwa kupata 7, ishara hukuzwa hadi wati mbili hivi, na kichujio cha mwisho huisafisha kabla ya kufika kwenye antena. Kila sehemu katika mnyororo huu ina kazi moja, ina mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea, na inaweza kuulizwa maswali yanayojibiwa kwa namba. Volti ngapi zinafika hapa? Wimbi hili lina masafa gani? Sehemu hii inakula mkondo kiasi gani? Mjenzi mwenye busara huyauliza maswali hayo kabla ya kushika kipuri kinachofuata, kwa sababu jibu baya lililopatikana mapema lina sababu chache, na jibu baya lililopatikana mwishoni lina sababu mia.

Mpangilio huo ulifikishwa mbali na Burdick huyohuyo. Mwaka 1998 yeye na Eric Swartz walianzisha kampuni ya Elecraft huko California, na mwaka 1999 wakaitoa K2, redio ya bendi nyingi yenye umbo dogo la kubebeka. Mjenzi wa K2 haanzi na sehemu yoyote inayogusa antena. Anaanza na bodi ya udhibiti yenye kompyuta ndogo, pamoja na bodi ya mbele yenye vitufe na kioo cha namba. Bodi hizo zikishasimama, ndani yake mna voltimita na kifaa cha kuhesabu masafa, na hivyo ndivyo vinavyotumika kuipima bodi kuu inapojengwa. Halafu hujengwa sehemu ya kupokea kwa bendi ya mita 40 peke yake, inapimwa, inarekebishwa, na redio inasikika ikipokea huku nafasi za vipuri vya kutuma zikiwa bado tupu. Bendi nyingine na kikuza nguvu huja mwisho. Huu ni uamuzi wa mwalimu kuliko wa muuzaji. Kilichokwisha kuthibitishwa ndicho kinachokithibitisha kinachofuata, na mtu aliyepita njia hiyo anapofika mwisho ameshazijua tabia za kila sehemu zikiwa nzima. Hiyo ndiyo elimu ambayo fundi huihitaji siku sehemu moja itakapougua, kwa maana huwezi kuitambua namba mbaya kama hukuwahi kuiona iliyo nzuri.

Ushahidi kwamba jambo hili ni zaidi ya starehe ya wapenzi wa redio umo katika darasa la David Rutledge, aliyekuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo cha Teknolojia cha California. Aliichukua NorCal 40A akaifanya uti wa mgongo wa somo, na mwaka 1999 Cambridge University Press wakachapisha kitabu chake, The Electronics of Radio, kilichojengwa juu ya redio hiyo moja. Wanafunzi hawakusoma nadharia yote kwanza ndipo wapewe kifaa cha kuchezea mwishoni. Kila sehemu ya nadharia ilikuja pamoja na sehemu ya redio: wanajenga kichujio, wanakikokotoa, wanakipima, na wanalinganisha kilichokokotolewa na kilichopimwa. Katika tofauti ya namba hizo mbili ndimo mna somo. Kama hesabu inasema hivi na mita inasema vile, basi ama hesabu imesahau kitu, ama kipuri si kile kilichoandikwa, ama kipimo chenyewe kimeibadilisha saketi kilipoigusa. Mwanafunzi anayeweza kusema ni lipi kati ya hayo matatu anaelewa umeme kwa kiwango ambacho mtihani wa kuandika ni vigumu kukipima.

Pingamizi la kwanza, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, husema kwamba anayejenga kwa kufuata maelekezo hajifunzi chochote: anaambiwa weka rezista hii hapa, anaiweka, mwisho redio inalia na yeye hajui kwa nini. Ni kweli. Wapo waliojenga redio kadhaa na bado wasiweze kueleza kazi ya miksa. Lakini pingamizi hili likitazamwa vizuri linaiunga mkono hoja yangu, kwa sababu linaonyesha kwamba kulehemu peke yake hakufundishi. Tazama koili za kichujio cha mwisho. Maelekezo ya kawaida kwa bendi ya mita 40 husema: zungusha waya mara 24 kwenye pete ya njano ya aina ya T37-6. Mtiifu atazungusha na kupita. Anayepima atajua kwamba pete hiyo hutoa takriban nanohenri 3 zikizidishwa kwa idadi ya mizunguko mara mbili, yaani 24 mara 24 mara 3, ambayo ni nanohenri 1,728. Kwenye megahezi 7 koili hiyo huzuia mkondo kwa takriban omu 76. Kwenye megahezi 14 kizuizi huwa mara mbili, na kwenye 21 huwa mara tatu. Sasa ameelewa kwa nini kichujio huruhusu wimbi analolitaka na kuyabana yale ya juu yake yasiyotakiwa. Ameelewa pia kwa nini kuhesabu mizunguko vibaya si kosa dogo, na kwa nini kila mara waya unapopita ndani ya tundu la pete huhesabiwa kuwa mzunguko mmoja. Karatasi ya maelekezo ni ileile kwa wote wawili. Kilichowatofautisha ni swali.

Swali hilo ndilo linalozaa ustadi wa kutafuta hitilafu, na hapa ndipo faida inapotoka nje ya redio. Tuseme mashine ina hatua 16 zilizofuatana na haitoi chochote. Mwenye haraka ataanza kung'oa na kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine, huku akiongeza makosa mapya kwa joto la chuma cha kulehemu. Mwenye mpangilio atapima katikati. Ishara ikiwepo hapo, nusu ya kwanza ni nzima. Isipokuwepo, nusu ya pili haina lawama kwa sasa. Atagawa tena nusu iliyobaki, na vipimo vinne vitamfikisha kwenye hatua moja kati ya 16. Akifika hapo, mara nyingi atakuta sababu ni za kawaida kabisa. Waya wa shaba wa koili, sawa na ule wa kusukia mota, umepakwa vanishi. Vanishi isipochomwa au kukwanguliwa vizuri, risasi hushika na kung'aa kwa juu huku mkondo ukikataa kupita. Macho yanasema kiungo ni kizuri, mita inasema hapana. Mtu aliyefunzwa na redio huisikiliza mita. Ustadi huo haubagui kifaa: pampu ya maji, inveta ya sola, gari na mashine ya hospitali vyote vina mnyororo wa hatua, na vyote hujibu vikiulizwa kwa utaratibu.

Pingamizi la pili ni la bei. Kwa nini mtu ajisumbue ilhali redio zilizokamilika zinauzwa, nyingine kwa bei ndogo kuliko ya mfuko wa vipuri? Historia inalijibu. Kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, ilianza kuuza oskiloskopu ya kujijengea mwaka 1947 kwa kutumia vipuri vilivyobaki baada ya vita, na kwa miongo mingi ilijenga jina kwa sababu aliyejijengea aliokoa fedha halisi. Mashine za viwandani zilipoanza kupanga vipuri kwenye bodi kwa gharama ndogo kuliko mkono wa mtu, unafuu huo ukatoweka, na mwaka 1992 Heathkit ikaachana na biashara hiyo. Kama bei ingekuwa ndiyo sababu pekee ya watu kujijengea redio, habari ingeishia hapo. Haikuishia. Miaka saba baadaye K2 ilitoka, ikiwa na maungio mengi ya kulehemu na bila ahadi yoyote ya kuwa rahisi kuliko za dukani, na ikapata wajenzi. Kilichobaki baada ya unafuu kuondoka ndicho kilichokuwa na thamani tangu mwanzo. Nakiri wazi kwamba anayehitaji mawasiliano kesho asubuhi kwa ajili ya uokoaji anunue redio iliyokamilika. Mfuko wa vipuri ni wa mtu anayehitaji ujuzi, na ujuzi una ratiba yake.

Linalofuata ni pingamizi la nguvu: wati tano zitafika wapi? Mahesabu yanatia moyo kuliko watu wanavyodhani. Ukilinganisha wati 100 za redio kubwa ya mezani na wati 5 za redio ya mfukoni, tofauti ni desibeli 13. Kwenye kipimo cha nguvu ya ishara kinachotumiwa na waendeshaji, kila alama huwa desibeli 6, kwa hiyo msikilizaji wa mbali huona upungufu wa alama mbili na kidogo. Aliyekuwa akisikika kwa alama saba sasa anasikika kwa karibu tano. Zaidi ya hapo, sauti ya mtu anayezungumza huhitaji upana wa takriban hezi 2,400, ilhali alama za Morse zinaweza kupokewa kupitia kichujio cha hezi 200 tu. Kelele hupungua kadiri upana unavyopungua, na hapa zimepungua mara 12, karibu desibeli 11. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichopotea kwa udogo wa nguvu hurudishwa na wembamba wa kichujio. Antena inayohitajika ni waya wenye jumla ya mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kuinuliwa kwenye miti. Anayebeba redio hadi mlimani huondoka na betri ya volti 12 na waya, na anajua kwa namba ni nini anachokiacha nyumbani na ni nini anachobaki nacho. Kujua hivyo ni tunda la kupima.

Wengine husema zama hizi za vipuri vidogo kama punje ya mchele na programu ndani ya chipu zimekwisha kuua elimu ya aina hii. Nadhani zimeibadilisha bila kuiua, na mfano wangu ni QCX ya Hans Summers, iliyobuniwa kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio ya ridhaa iliyofanyika Uingereza mwaka 2017. Ndani yake mna kompyuta ndogo na chipu inayozalisha masafa, na hakuna anayeweza kufungua chipu hizo kuzitengeneza. Hata hivyo chipu hizo zimepewa kazi ya kumsaidia mjenzi: redio huzalisha ishara yake ya majaribio, huipima, na kumwonyesha kwenye kioo anaporekebisha kichujio cha kupokelea mpaka namba ifike kileleni. Ina voltimita, ina kipimo cha nguvu, inahesabu masafa. Kikuza nguvu chake ni transista tatu ndogo za BS170 zinazofanya kazi kwa mtindo wa swichi ulioelezwa na Nathan Sokal na mwanawe Alan mwaka 1975. Kwa kuwa transista huwa zimefunguka au zimefunga kabisa, nishati ndogo sana hugeuka joto, na wati tatu hadi tano hutoka bila hitaji la bamba kubwa la kupoozea. Mjenzi akigusa transista hizo baada ya kutuma na kuzikuta zinaunguza, ameshapata kipimo: kuna kitu kwenye kichujio au antena hakiko sawa. Nakubali kwamba redio ambayo kila kitu kimefungiwa ndani ya chipu moja ingefundisha machache. Lakini mipaka hiyo huwekwa na mbunifu, na mbunifu anaweza kuamua kuiacha milango ya kupimia wazi.

Ipo hoja nyingine inayowagusa zaidi wanaoishi mbali na viwanda: vipuri vikikosekana, elimu hiyo ina faida gani? Jibu zuri limetoka India. Ashhar Farhan wa Hyderabad alipobuni BITX, redio ya sauti ya bendi ya mita 20 yenye wati sita hivi, alijiwekea sharti la kutumia vipuri vinavyopatikana kwenye masoko ya kwao. Mahali ambapo wengine wangeagiza pete maalumu kutoka ng'ambo, yeye alisuka koili kwenye washa za nailoni za bomba la maji. Akabuni vikuza ishara vinavyofanya kazi pande zote mbili, ili mnyororo mmoja utumike kupokea na kutuma na vipuri vipungue. Baadaye redio za ukoo huo zikauzwa dunia nzima. Washa ya bomba haina sumaku kama pete ya chuma, kwa hiyo mizunguko lazima iwe mingi zaidi ili kupata kipimo kilekile. Anayejua kwamba anahitaji maikrohenri kadhaa anaweza kubadilisha pete kwa washa. Anayejua tu kwamba kitabu kimesema mizunguko 24 amekwama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila kwa yule tu anayejua koleo lilikuwa likishika nini. Kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue, na ndani ya televisheni kuukuu za mfumo wa PAL zenye fuwele za megahezi 4.43, kuna vitu vingi vinavyoweza kuwa redio mikononi mwa mtu wa aina ya kwanza.

Limebaki suala la sheria, na wengi huliona kuwa kikwazo ilhali ni sehemu ya hoja yenyewe. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinaieleza huduma ya redio ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza mwenyewe, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa wanaovutiwa na ufundi wa redio kwa nia binafsi bila kutafuta faida ya fedha. Kujifunza ndiko kulikotangulizwa. Ndiyo maana anayetaka kutuma hupaswa kwanza kuthibitisha uwezo wake na kupata leseni, Tanzania kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, na ndiyo maana mwenye leseni huachiwa uhuru ambao watumiaji wengine wa masafa kwa kawaida hawana, wa kujenga mtambo wake mwenyewe. Uhuru huo una deni. Wimbi la megahezi 7 lisilochujwa hubeba vivuli vyake vya 14, 21 na 28, na jirani anayesumbuliwa hakuomba kuwa sehemu ya jaribio. Kwa hiyo kupima kabla ya kutuma, kwa kuipeleka nguvu yote kwenye rezista ya omu 50 badala ya antena, ni adabu kwa watu wengine wanaoishi ndani ya anga lilelile. Kila hatua ya kupokea inaweza kujengwa na kueleweka wakati mtu akijiandaa kwa leseni, na hivyo muda wa kusubiri hugeuka muda wa darasa.

Kwa wanaoanza, na hasa kwa walimu wa vyuo vya ufundi wanaotafuta kazi moja itakayoshikanisha somo zima la umeme, ushauri wangu unafuata kutoka kwenye hoja yenyewe. Msichague redio kwa idadi ya wati au ya bendi. Fungueni kitabu cha maelekezo kwanza, mtazame kama kinamsimamisha mjenzi njiani na kumwambia ni namba gani aitarajie mahali gani. Kikifika ukurasa wa mwisho kabla ya kupima chochote, tafuteni kingine, au andikeni wenyewe vituo vya kupimia. Kila mwanafunzi awe na daftari, na kabla ya kila kipimo aandike anachotarajia ndipo aandike alichokipata. Alama zitolewe kwa maelezo ya tofauti kati ya hayo mawili, hata kwa yule ambaye redio yake bado haijalia. Anayeweza kuonyesha hatua kumi zilizothibitishwa na kuitaja ya kumi na moja iliyokwama ameshajua kazi yake kuliko aliyewasha mara moja, ikalia, na hajui kwa nini. Nchi zetu zinanunua mashine nyingi, na nyingi hutupwa zikiwa na ugonjwa mmoja mdogo ambao haukutafutwa. Tukiwazoesha vijana kupima kwanza ndipo waendelee, redio itakuwa faida ya ziada. Faida yenyewe itakuwa watu ambao mashine ikinyamaza mbele yao, wanajua swali la kuanzia.